Sanamu ya Askari pale Samora: ibaki au ipelekwe Makumbusho?

Mkazi wa Upanga: Wakuu, yule askari wa shaba pale barabara ya Samora, Dar es Salaam, singe yake imeelekea bandarini, aliwekwa na Waingereza 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa kwenye vita ya mfalme wao, 1914 hadi 1918. Sisi tuna mashujaa wetu. Kwa nini asipelekwe Makumbusho ya Taifa, na mahali pake asimame mtu aliyeipigania nchi hii?

Binti Kariakoo: Asiguswe! Maandishi ya chini mmeyasoma? Yanawataja na wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Walikufa kwa maelfu, njaa, kuhara, malaria, wengi hawana hata kaburi. Kambi yao ilikuwa hapa hapa kwetu. Mkimtoa huyo, wapagazi wanabaki na nini?

Kijana wa Temeke: Si Mjerumani ndiye aliyejenga ile? Ing'olewe tu.

Mwalimu Mstaafu: Kijana, ya Mjerumani ilikuwa ya Wissmann, gavana wao, na chini yake askari mweusi anamtazama juu. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa. Ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960. Huyu wa sasa hamtazami bwana yeyote, na kwangu hilo linatosha abaki. Tatizo ni nyie mliokuja mjini juzi, mnapiga naye picha tu, historia hamna.

Mngoni wa Songea: "Mliokuja mjini juzi" ndio akina nani, mwalimu? Sema wazi. Sisi historia tumezaliwa nayo. 27 Februari 1906 wazee wetu zaidi ya 60 walinyongwa kwa ajili ya Majimaji, wakafukiwa shimo moja. Na bunduki nyingi za Mjerumani zilishikwa na askari Waafrika. Leo unanifundisha kumheshimu askari?

Mwalimu Mstaafu: Sikumtaja mtu. Na huyu ni wa KAR, jeshi la Mwingereza. Hakumnyonga mtu Songea.

Mngoni wa Songea: Bunduki ya mkoloni ni bunduki ya mkoloni. Na bado hujajibu kuhusu "juzi".

Binti Kariakoo: Kaka, wapagazi wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu, hakuna aliyewauliza. Usiwaweke kapu moja na wanyongaji.

Mngoni wa Songea: Dada, wewe sina ugomvi nawe. Wapagazi wajengewe sanamu yao, hata kesho nachanga. Ila kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wetu aliyenyongwa naye kwa ajili ya Majimaji, tunaambiwa kilipelekwa Ujerumani. Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Msamaha tumeusikia, kichwa hatujakiona!

Kijana wa Temeke: Kumbe alikuja mwenyewe? Sasa wanashindwa nini kukirudisha?

Mkazi wa Upanga: Jamani, mada ni sanamu. Ibaki au itoke?

Binti Kariakoo: Subiri kwanza, ndugu. Hili la kichwa ni kubwa kuliko sanamu. Familia ya Nduna ipo hai, inasubiri kuzika.

Mwalimu Mstaafu: Hapo kwenye kichwa niko pamoja na bwana wa Songea, na serikali yetu inapaswa kukidai kwa sauti kubwa zaidi. Neno langu la picha silifuti.

Mngoni wa Songea: Usilifute. Njoo Songea Februari kwenye kumbukumbu, uliseme mbele ya wazee.