Ushauri: filamu ya Jinja ya mwaka 1938, tupige picha mjini au tujenge duka Kampala?

Msanifu wa Mandhari
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Ninasanifu mandhari ya filamu inayotokana na riwaya ambayo kisa chake kinatokea Jinja, Uganda, mwaka 1938, hasa ndani ya duka la Mhindi muuza vitambaa. Mwongozaji anataka tulijenge duka hilo ndani ya ghala la kukodi Kampala ili tuudhibiti mwanga na kelele; mimi naamini kuta kuukuu za Jinja haziigiki kwa plaiwudi na rangi. Isitoshe, mhusika mkuu anaagana na mama yake kando ya maporomoko ya Ripon ya mto Nile, kisha anashuka treni penye gati la meli. Fedha hazitoshi kujenga vyote. Nianzie wapi?

Mkazi wa Jinja
Jengeni sehemu ya ndani Kampala, ya nje ipigwe hapa kwetu. Baadhi ya maduka ya zamani yameandikwa mwaka wa ujenzi juu ya ukuta wa mbele, kwa hiyo isomeni kila tarehe kabla ya kuchagua, kwani jengo la mwaka 1950 likionekana nyuma ya mwigizaji, kazi yenu yote imeharibika. Ripon hamtayapata: yalimezwa na maji bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, na maporomoko ya Bujagali nayo yalifunikwa baadaye. Maporomoko ya Itanda yapo, lakini ni mto unaochafuka katikati ya miamba, ilhali Ripon yalikuwa mlango wa Ziwa Victoria lenyewe. Ningeyahamishia maagano hayo usiku, ndani ya nyumba, mama akifunga mzigo huku ngurumo ya maji, ambayo mtairekodi Itanda, ikisikika dirishani.

Mpenda Reli
Kwa gati, nendeni Namasagali, wilayani Kamuli. Reli kutoka Jinja ilifika huko mwaka 1912, na abiria waliendelea kwa meli hadi Ziwa Kyoga. Treni haifiki tena, lakini mabaki ya gati yangalipo ukingoni mwa Nile. Msihangaike kutafuta garimoshi la mvuke: onyesheni moshi, mlio wa honi, na miguu ya abiria ikikanyaga mbao zenu.

Mama Vitambaa
Binafsi naogopa vitu vidogo zaidi ya majengo. Jerikeni ya plastiki isionekane popote; wekeni debe la bati, lenye kutu kidogo pembeni, na taa ya chemli ukutani. Gomesi ya mama, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, iwe ya pamba, si ya kitambaa kinachong'aa cha siku hizi. Na kaunta ikipigwa picha kwa karibu, senti 10 ya Afrika Mashariki iwe ile yenye tundu katikati, ya mwaka 1938 au kabla yake.

Msanifu wa Mandhari
Nashukuru sana. Mwandishi wa riwaya ameyapenda mno maporomoko hayo, na nilihofia kumpokonya. Lakini sauti ya maji inamwachia mama nafasi ya kuonekana, na hilo nitamweleza mwongozaji kabla hatujatia sahihi mkataba wa ghala.