Mrejesho: nguo kuota ukungu chumbani Kisauni

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na chumba kimoja kisicho kabati, nguo zikiota ukungu kwa unyevu huu wa pwani. Ahsanteni sana! Ngazi ya mbao aliyoiacha fundi rangi nimeiegemeza ukutani. Leso na madera yananing'inia kwenye vipandio vyake, upepo unapita. Kitanda nimekiinua kwa matofali, chini vimeingia vikapu vitatu vya ukili, kila kimoja na mkaa mkavu niliofunga ndani ya soksi kuukuu. Mkaa huo ndio umeniokoa. Juzi nimetoa buibui langu la kuendea harusini: kavu, linanukia udi tu. Maboksi ya karatasi, dada uliyenishauri, yalivuta maji yakalegea. Nimeyatoa.