Kilo za Jumatatu

Kikundi: Familia Bungoma, Kitale, Nakuru (Senge ni shangazi, Khocha ni mjomba)

JUMATATU ASUBUHI

Nekesa: Habari za asubuhi familia. Mliosafiri jana mlifika salama?

Nekesa: [Picha: mizani, 87.9]

Nekesa: Ijumaa kabla sijapanda matatu kuja huko Chwele kwa mahari nilikuwa 86.4. Nimekaa nyumbani siku mbili tu. Kilo moja na nusu! Soda niliacha, sukari kwa chai niliacha, kazini naenda kwa miguu kutoka Section 58 mpaka mjini, mvua inyeshe jua liwake. Sasa hii ni nini? Nimechoka kabisa. Kama mwili wenyewe hautaki, basi.

Simiyu: Pole sana dada. Mimi naona hiyo mizani ndiyo inakumaliza. Iweke juu ya kabati, pima mara moja kwa mwezi.

Wanjiru: Baba Baraka, mwezi ni mbali. Ukikosea njia wiki ya kwanza, unakuja kujua wiki ya nne. Mimi hupima kila asubuhi.

Mama Naliaka: Kila asubuhi si ndiyo imemliza mwenzako leo? Kwa wiki mara moja inatosha.

Senge Nasimiyu: Ngojeni kidogo nimuulize mwenyewe. Nekesa mwanangu, Ijumaa ulipima saa ngapi? Na leo?

Nekesa: Ijumaa ilikuwa nimetoka tu kitandani, Senge. Leo ni sasa hivi, nimeshakunywa chai, nimevaa nguo za kazi na viatu nimevua. Na jana jioni niliposhuka stejini nilipima kwa yule kijana mwenye mizani, nikampa shilingi ishirini, ikaandika 89. Ndiyo maana sikulala vizuri.

Senge Nasimiyu: Umesimama wapi? Sakafuni au kwa kapeti?

Nekesa: Kapeti ya sebuleni.

Senge Nasimiyu: Sawa. Ngoja niandike vizuri, msinikatize.

Senge Nasimiyu: Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ili uongeze kilo moja na nusu ya mafuta, ungekula kalori zaidi ya 11,500 JUU ya zile ambazo mwili wako unatumia, na kwa siku mbili pekee. Tulikaa meza moja siku ya mahari. Sahani yako niliiona. Ulikula vizuri kama mtu aliyekuja kwao, lakini chakula cha kiasi hicho hukula. Kwa hivyo hayo si mafuta.

Nekesa: Ni nini basi?

Senge Nasimiyu: Mengi ni maji. Mchuzi wa kuku ulikuwa na chumvi, pilau ilikuwa na chumvi, na chumvi hushika maji mwilini. Halafu ugali na wali. Mwili huweka akiba ya wanga kwa ini na kwa misuli, akiba hiyo inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na gramu kama tatu za maji. Wewe hizi wiki umekuwa ukila ugali kidogo, akiba ikashuka, na maji yake yakatoka. Wikendi umeijaza tena. Ndiyo sababu pia mtu akianza kupunguza chakula wiki ya kwanza anaona kilo zinaanguka haraka, anafurahi, kisha wiki ya tatu anadhani amekwama. Yale ya kwanza mengi yalikuwa maji.

Senge Nasimiyu: Bado kuna chakula chenyewe ambacho hakijatoka tumboni, ukizingatia umeshinda umekaa kwa gari. Kuna chai ya leo. Kuna nguo. Na wanawake wenzangu mnajua, kuna siku kabla ya mwezi mwili unajaa maji bila kula chochote cha ziada. Mtu mzima anaweza kupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kati ya siku na siku, na mafuta yakawa yaleyale.

Simiyu: Hii ya maji hebu niijaribu hapa.

Simiyu: [Picha: mizani, 78.2]

Simiyu: Sasa nakunywa chupa ya nusu lita.

Simiyu: [Picha: mizani, 78.7]

Simiyu: Aisee! Dakika tatu hazijaisha. Baraka amesimama hapa anataka kujua nimenonaje.

Senge Nasimiyu: Mwambie nusu lita ya maji ina uzito wa nusu kilo, iwe kwa chupa au iwe ndani ya baba yake. Ukienda haja ndogo itashuka tena.

Nekesa: Kwa hivyo ile 89 ya stejini?

Senge Nasimiyu: Achana nayo. Ilikuwa jioni, umeshiba, umevaa koti na viatu, na mizani si yako. Simlaumu kijana, anatafuta riziki. Lakini mizani mbili tofauti hazisemi kitu kimoja, hata zikiwa zote nzima. Namba ya stejini ilinganishe na ya stejini, ya nyumbani na ya nyumbani. Na ya nyumbani uiweke kwa simiti au tailzi, mahali pamoja kila mara, kwa sababu kapeti inabonyea na mizani inasoma vibaya.

Khocha Wafula: Nasimiyu umenena. Huku Chwele tunajua mizani. Mtu akipima mahindi kwa mizani mbili ugomvi lazima.

Wanjiru: Senge, naomba niseme yangu. Kupima kila siku hakunisumbui kwa sababu namba ya leo siisomi peke yake. Hizi ni zangu za wiki iliyopita, Jumatatu mpaka Jumapili: 74.8, 75.3, 74.6, 75.1, 74.5, 74.9, 74.4. Ukijumlisha ni 523.6, gawa kwa saba unapata 74.8. Wiki ya kabla wastani ulikuwa 75.2. Kwa hivyo nimepunguza kama nusu kilo hivi. Lakini mulamwa wangu, yaani wifi Nekesa, angeona Jumanne yangu ya 75.3 angesema nimeongeza!

Nekesa: Kweli ningesema.

Wanjiru: Ni kama bei ya nyanya soko la Wakulima. Leo juu, kesho chini, lakini mama mboga anajua msimu unaelekea wapi.

Simiyu: Mke wangu, na zile namba saba zote ulikuwa unaziandika wapi? Sijawahi kuziona.

Wanjiru: Karatasi iko nyuma ya mlango wa bafu. Imekuwa hapo tangu Pasaka.

Wanjiru: Tena kule Marekani kuna rejista ya watu waliopunguza uzito wakakaa nao hivyo, ilianzishwa 1994. Kuingia, lazima uwe umepunguza angalau kilo 13.6 na ukae nazo chini mwaka mzima. Karibu asilimia 75 ya watu hao hujipima angalau mara moja kwa wiki.

Senge Nasimiyu: Ni kweli, inajulikana. Ila tuisome kwa uangalifu. Hao ni watu waliofaulu na wakajiandikisha wenyewe. Haituonyeshi kwamba mizani ndiyo iliyowapunguza. Inaweza kuwa mtu anayejali chakula chake ndiye huyohuyo anayejali mizani. Kinachosaidia ni kwamba anayejipima mara kwa mara huona mapema kilo zikianza kurudi, anarekebisha zikiwa mbili, kabla hazijafika kumi.

Mama Naliaka: Kwa hivyo jibu ni lipi Senge? Kila siku au kila wiki?

Senge Nasimiyu: Inategemea namba inakufanya nini. Wanjiru anaiona, anaiandika, anaenda kupika chai. Huyo apime kila siku. Nekesa ameiona, amekosa usingizi na sasa anataka kuacha hata kutembea. Huyo apime mara moja kwa wiki, siku ileile, ametoka kitandani, ameenda choo, hajala wala kunywa, amevaa nguo nyepesi. Na siku hiyo isiwe Jumatatu. Watu wengi huwa wazito kidogo baada ya wikendi. Chagua Alhamisi au Ijumaa uishikilie. Zaidi ya mara moja kwa siku sioni faida yake kwa mtu yeyote hapa, hapo unapima maji na chakula tu.

Simiyu: Na yangu ya mwezi?

Senge Nasimiyu: Ukipima mara moja kwa mwezi na siku hiyo ikawa baada ya mahari, utasema mwezi mzima umepotea bure. Lakini kwa mwanamke kuna kitu kizuri katika mwezi: alinganishe wiki moja baada ya hedhi mwezi huu na wiki hiyohiyo mwezi ujao. Hapo maji hayamdanganyi sana.

Khocha Wafula: Sasa mnanichanganya. Mimi kliniki ya moyo waliniambia kila siku asubuhi bila kukosa. Niendelee au niache?

Senge Nasimiyu: Wewe USIACHE Khocha. Lako ni jambo lingine kabisa na nashukuru umeuliza. Wewe hutafuti mafuta, unatafuta maji. Moyo ukidhoofika, maji hubaki mwilini, na mizani huyaona kabla ya miguu kuvimba. Ukiongeza zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu, usingoje tarehe ya kliniki, piga simu au uende siku hiyo. Vilevile ukianza kukosa pumzi ukilala, au ukihitaji mto wa pili. Leo ulisoma ngapi?

Khocha Wafula: 68.3. Jana 68.1. Juzi 68.4.

Senge Nasimiyu: Iko sawa. Na dawa ya kutoa maji unameza?

Khocha Wafula: Nameza kila asubuhi. Mama Wafula ndiye analinda.

Mama Naliaka: Senge, na mimi nina neno. Nilinunua mizani ya bafuni mwezi jana, na Naliaka amekuwa akiipanda akitoka shule, kisha usiku hataki kula. Anasema amenona. Ana miaka 15. Mimi nilidhani ni mchezo.

Senge Nasimiyu: Mama, mizani hiyo iondoe bafuni leo. Ifungie chumbani kwako. Mtoto wa miaka 15 bado anakua, mifupa inakua, kifua kinakua, uzito wake LAZIMA upande. Akiona namba inapanda anadhani amefanya kosa, kumbe mwili unafanya kazi yake.

Senge Nasimiyu: Na tuambiane ukweli hapa kikundini. Siku ya mahari nilisikia watu wawili watatu wakimwambia "umenenepa" kama salamu. Sisi tumezoea, kwa wazee wetu ni neno la kumpongeza mtu kwamba amekula kwao. Msichana wa leo hasikii hivyo. Naomba tuache. Mwulizeni shule, mwulizeni mpira wake wa wavu.

Simiyu: Nimesikia, Senge.

Wanjiru: Nimesikia.

Mama Naliaka: Kweli kabisa. Na nikimwona bado hali?

Senge Nasimiyu: Msigombane naye mezani. Kuleni pamoja, chakula kilekile, bila kuhesabu kijiko. Lakini ukiona anajificha kula, au anajitapisha, au hedhi imekatika, au anapungua haraka, mpeleke hospitali na ueleze wazi. Huo ni ugonjwa na unatibiwa. Nitakupigia leo saa mbili usiku tuzungumze sisi wawili, mengine hayafai kikundini.

Mama Naliaka: Asante sana Senge. Nitangoja simu.

JUMATATU JIONI

Nekesa: Nimerudi nyumbani. Nimetembea, ingawa asubuhi nilikuwa nimeapa nitapanda bodaboda.

Wanjiru: Hongera mulamwa!

Nekesa: Nimechagua Ijumaa. Mizani nimeisogeza jikoni kwenye simiti. Sasa Senge, nikipima Ijumaa, nitarajie nini?

Senge Nasimiyu: Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na kuna wiki itasimama tuli. Usihukumu kwa Ijumaa moja, angalia nne. Halafu usilenge kilo thelathini. Kwa uzito wako asilimia tano ni kama kilo nne na robo, na hata hizo peke yake husaidia presha na sukari. Kwa ukoo wetu ulivyo na sukari, hilo si dogo.

Senge Nasimiyu: Na pima kiuno. Tafuta mfupa wa mwisho wa mbavu na juu ya mfupa wa nyonga, katikati yake ndipo tepu inapopita, usivute tumbo ndani, toa pumzi kwanza. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari ya sukari na moyo huanza kupanda, ikifika 88 ni kubwa zaidi. Wanaume ni 94 na 102. Kiuno mara moja kwa mwezi inatosha. Kuna miezi mizani hukwama na kiuno kikapungua, hasa kwa mtu anayetembea kama wewe.

Simiyu: 94? Ngoja nitafute tepu.

Nekesa: Mimi sina tepu hata.

Wanjiru: Ninayo ile ya kushonea. Nitapita kwako kesho nikitoka kazini, tupimane, uniandikie na yangu.

Nekesa: Karibu. Kuanzia saa kumi na moja nitakuwa nyumbani.

Khocha Wafula: Nasimiyu, hiyo simu ya saa mbili ukimaliza nipigie na mimi. Nataka kuuliza juu ya chumvi.