Nilitoboa siri ya rafiki yangu nikiomba aombewe: nimwendee vipi?

Mleta uzi:
Wapendwa katika Bwana, naomba ushauri wenu, na msinionee haya kuniambia ukweli.

Majuma matatu yaliyopita, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alipouliza nani ana hitaji, nilinyoosha mkono nikasema tumwombee dada mmoja ambaye mume wake amehama nyumbani. Sikumtaja jina. Hata hivyo niliongeza kwamba ana watoto mapacha na kwamba zamani ndiye aliyetuongozea nyimbo, na mbele ya watu kumi na wawili wanaofahamiana maelezo hayo yalitosha kuwa jina. Habari hiyo alinieleza mimi peke yangu, usiku, kwa simu, akilia hata akashindwa kumaliza maneno. Tuliomba kwa machozi siku ile, nami nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nimemtendea wema.

Jumapili iliyofuata mama mmoja alimshika mkono mlangoni mwa kanisa, akamwambia, "Tunakuombea, mumeo atarudi." Nilikuwa hatua chache nyuma yao. Rafiki yangu aliutoa mkono wake taratibu, akageuka akanitazama, kisha akawachukua watoto wake wakaondoka kabla ibada haijaanza. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu, wala hajaujibu ujumbe mrefu niliomwandikia kumweleza kwamba nia yangu ilikuwa njema.

Je, nimwendee au nimwache kwanza? Na kweli kumwombea mtu kunaweza kuwa dhambi ya ulimi?

Mzee wa Kikundi:
Pole sana, binti yangu. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa lilitoka kinywani kabla maombi hayajaanza. Mungu hakuhitaji kuambiwa habari za mapacha ili ajue ni nani anayeombewa, bali waliozihitaji ni wasikilizaji. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Yakobo, katika sura ya 3, anapoufananisha ulimi na moto mdogo unaowasha msitu mkubwa, haulizi kama aliyeuwasha alikuwa na nia mbaya. Mti ulioungua umeungua. Soma pia Waefeso 4:29, uone kwamba neno jema hupimwa kwa namna linavyomfaa mwenye kuhitaji. Siku ile mwenye kuhitaji hakuwa chumbani mle, na hakuna aliyemuuliza.

Nimeongoza vikundi vya maombi kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba viongozi tunachangia jambo hili, kwa maana mtu akileta hitaji la mwingine tunamuuliza maswali, naye hujibu.

Niliyewahi Kusemwa:
Mimi nilikuwa upande wa rafiki yako, dada. Aliyetoa siri yangu alikuja kwangu akaieleza nia yake njema karibu nusu saa, akalia, na mwishowe mimi niliyeumizwa ndiye niliyembembeleza. Nilibaki nimechoka kuliko mwanzo. Kilichonisaidia baadaye ni mtu mwingine wa kikundi kile kuniambia wazi ni maneno gani yalisemwa na nani waliyasikia, kwa sababu nilikuwa nikiwaogopa hata wasiojua lolote. Mwambie hayo, halafu unyamaze.

Mpenda Kimya:
Mimi naona umwache. Rafiki za Ayubu waliketi naye siku saba bila kusema neno, na walipofungua vinywa ndipo walipomwongezea maumivu.

Mzee wa Kikundi:
Ndugu, nakubaliana nawe kuhusu wingi wa maneno, lakini wale walikwisha kufika na kuketi naye. Tena Mathayo 5:23-24 inamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na nduguye. Kimya cha aliyekosewa ni haki yake. Kimya cha mkosaji huonekana kama kutojali. Pia, binti yangu, rudi kikundini ukaombe habari hiyo ikomee hapo, bila kuongeza hata neno moja juu ya hali yake ya sasa.

Mleta uzi:
Asanteni. Nimeusoma upya ule ujumbe wangu mrefu. "Nia yangu" imo mara nne, na "nisamehe" imo mara moja, mwishoni kabisa. Nimeandika barua nyingine kwa mkono, na kesho nitampelekea mwenyewe. Asipofungua mlango nitaipitisha chini yake niondoke. Inasema hivi:

"Nilisema habari zako kikundini bila kukuuliza. Nilisema kwamba mumeo amehama, nikataja mapacha na nyimbo. Walikuwapo watu kumi na wawili, na majina yao nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Nilikukosea. Nisamehe. Huna haja ya kunijibu."