Naomba ushauri: nitatambuaje umri wa picha ya kale ya Abu Simbel?

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Katika vitu alivyoacha marehemu babu yangu nimekuta picha ya karatasi, isiyo na sahihi wala tarehe, inayoonyesha hekalu la Abu Simbel, kusini mwa Misri, huku mchanga ukiwa umezifukia kwa sehemu sanamu za farao Ramses wa Pili, na mtu mmoja akiwa juu ya magofu.

Maxime Du Camp, Mfaransa aliyepiga picha Misri na Nubia kati ya 1849 na 1850 kwa negativu za karatasi (picha zilizogeuzwa nuru na giza, ambazo picha halisi hunakiliwa kutoka kwazo), alikuwa akimweka baharia wake, Hadji Ismael, juu ya magofu ili ukubwa wa magofu hayo ueleweke. Francis Frith, Mwingereza aliyeanza safari zake mwaka 1856, alitumia vioo vya kolodioni (majimaji mazito yanayoshikilia dawa ya picha juu ya kioo), ambavyo vilipaswa kupakwa dawa, kupigiwa picha na kusafishwa kabla havijakauka, katika joto lile la jangwani; ustahimilivu huo unanistaajabisha.

Najua kwamba picha za karatasi ya chumvi (iliyolowekwa chumvi na dawa ya fedha) hazing'ai, ilhali zile za karatasi iliyopakwa ute wa yai hung'aa na mara nyingi hugeuka manjano. Yangu haing'ai. Je, hilo latosha kuihusisha na miaka ya 1850, au yaweza kuwa ukurasa wa kitabu uliochapwa kwa wino baadaye, na nitazame nini kwa kioo cha kukuzia? Naomba pia kuelekezwa namna ya kuihifadhi dhidi ya unyevu wa hapa Tanga, kwani naogopa hata kuigusa.