Tupeane uzoefu: kuishi na mkanda wa tumbo hapa Tanga

KijikoKidogo:
Machungwa ya Muheza yameshajaa barabarani, na yakijaa tu swali la kila msimu linarudi: mbona chungwa linakwama na dafu halikwami? Basi wenye mkanda, ile pete inayozungushiwa mfuko wa chakula kwa upasuaji ili mtu ale kidogo na kupungua, wauguzi, na mnaowapikia wenye mkanda, tupeane uzoefu. Hadithi za kilo ngapi zimekwenda na picha za kabla na baada tuziweke kando, zimejaa kila mahali. Leteni kinachomfaa mtu jikoni, mezani na saa nane ya usiku.

Naanza na hilo chungwa. Juisi yake haina neno. Kinachokwama ni ile ngozi nyeupe inayofunika kila kipande. Hata utafune vipi haisagiki, inajikunja kama karatasi ya nailoni na kuziba palepale mkanda ulipobana. Pasua kipande, kula nyama ya ndani, ngozi tupa. Embe la nyuzi ni hivyohivyo. Dafu halikwami kwa sababu mkanda hauzuii kitu chochote cha majimaji, na hapo ndipo wengi wanapotoboka: juisi ya miwa, aiskrimu, chai ya maziwa ya vijiko vinne vya sukari. Vyote vinapita kama havikuona pete.

Shoga wa Makorora:
Umesema kweli. Na ule uzi wa katikati ya muhogo.

Baiskeli Bovu:
Huu mkanda si ndiyo lile puto wanaloweka hospitali ya Mloganzila?

Zamu ya Usiku:
Hapana kaka. Puto linaingizwa kwa mdomo bila kisu na linatolewa baada ya miezi kadhaa. Mkanda ni upasuaji, na unabaki. Ni pete ya silikoni inayozungushwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Juu ya pete kinabaki kimfuko cha mililita 15 hadi 30, yaani kijiko kimoja au viwili vya mezani. Mrija mwembamba unatoka kwenye pete hadi kwenye poti, kile kidude kama kifungo kikubwa cha koti kilichoshonwa chini ya ngozi ya tumbo. Pale ndipo inapochomwa sindano kuongeza au kupunguza maji ya chumvi. Mfuko haukatwi, utumbo hauguswi. Marekani waliuruhusu mwaka 2001, lakini siku hizi upasuaji wa kukata mfuko umeupita kwa mbali, kwa hiyo usishangae daktari kijana akakwambia hajawahi kuushika.

Baiskeli Bovu:
Kumbe. Mtaani wote wanaita puto.

Mwana Chumbageni:
Mmetaja kukwama kwa kupita tu, ilhali hilo ndilo jambo lenyewe. Ngoja nilieleze kama lilivyo, maana anayekwamwa mara ya kwanza hudhani ni moyo.

Huanza na tonge la kwanza, karibu kila mara. Mtu ana njaa, anaongea, anatupia tonge la ugali saizi ile aliyoizoea tangu utotoni. Sekunde chache, halafu kama mtu kaweka ngumi nyuma ya mfupa wa kifua. Mdomo unajaa mate, mengi, mazito, kwa sababu umio unatoa ute wa kulisukuma tonge. Ute hauna pa kupita, unapanda na kuwa povu jeupe kama yai lililopigwa. Kwikwi. Pua inatoka maji. Mezani watu wanamwambia kunywa maji, naye anakunywa. Hilo ndilo kosa. Maji yanakaa juu ya tonge, yanatanua pale juu, maumivu yanakuwa mara mbili.

Usinywe. Simama, legeza kanga au suruali, tembea polepole, mate yateme kwenye beseni, usiyameze. Litashuka au litarudi lenyewe. Usitie kidole, kutapika kwa nguvu ndiko kunakosogeza mkanda. Likishatoka, usirudi mezani hata kama maumivu yameisha, maana pale palipobanwa pamevimba na tundu limekuwa dogo kuliko asubuhi. Saa 24 ni majimaji tu: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwembamba. Kesho yake vitu vya kupondwa. Anayekwama mara ya pili siku hiyohiyo, mara nyingi alirudi kumalizia sahani.

Na kinga yake: tonge lisizidi ukucha wa kidole kidogo, litafunwe mara 20 na kitu mpaka liwe uji, kijiko kiwekwe chini kila baada ya tonge. Kula kwa kijiko cha chai na kisahani cha kahawa. Dakika 20 hadi 30, shiba au usishibe, umemaliza. Maji acha mpaka ipite nusu saa au saa nzima baada ya kula, kisha yanywe kidogokidogo mpaka yafike lita moja na nusu kwa siku. Kwa joto letu hili, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi ujue hujanywa.

Shoga wa Makorora:
Tonge la waja leo waondoka leo 😂

Mpishi wa Shughuli:
Kwa uzoefu wa jikoni, vinavyokwama zaidi ni ugali, chapati laini, mkate mbichi, wali ulioiva sana, pweza, na kuku wa kienyeji. Pweza ni raba, mnywesheni supu yake tu. Jodari wa kuchoma ni mkavu, anakaba. Chakula kisichosumbua mtu ni samaki wa kupaka, changu au kibua, mwenye tui zito. Anateleza mwenyewe. Mchungu wa roho tu ndiye atakayekwama na samaki wa kupaka.

Zamu ya Usiku:
Bi Mpishi, kuteleza ndiko tatizo. Mkanda unashibisha pale chakula kigumu kidogo kinapokaa juu ya pete na kushuka taratibu. Kinachoteleza hakishibishi, na tui zito mililita 100 lina kama kalori 200, karibu zote mafuta. Samaki ni sawa kabisa, gramu 100 za samaki zinatoa kama gramu 20 za protini, na mtu anahitaji walau 60 kwa siku. Mpike chukuchuku, ndimu, nyanya, pilipili manga, basi.

TuiZito:
Sasa mnataka Mtanga aache nazi? Mtanga bila nazi ni nani? Bora angebaki na kitambi chake.

Mpishi wa Shughuli:
Mwambie huyo. Chukuchuku kila siku ni chakula cha mgonjwa.

Mwana Chumbageni:
Hakuna aliyesema aache. Tui la pili, jepesi, na kwa wiki mara moja. Zito likae kwenye harusi.

TuiZito:
Tui la pili ni maji ya kuoshea mbuzi ya nazi. Msituchezee.

KijikoKidogo:
Wakati mnapigania nazi, mnaotoka kufanyiwa karibuni mkumbuke wiki mbili za mwanzo ni majimaji matupu, za tatu na nne ni vya kupondwa laini, ya tano na sita vyororo, ndipo chakula cha kawaida. Wiki ya pili njaa inarudi kwa kishindo kwa sababu mkanda bado haujajazwa. Mtu anadhani kaibiwa hela. Hajaibiwa. Kujaza kwa kwanza huwa baada ya wiki nne hadi sita.

Baiskeli Bovu:
Si bora akaze mpaka mwisho aishe haraka?

KijikoKidogo:
Aaa, hapo umegusa. Kukaza kupita kiasi kunanenepesha, na si mzaha. Mkanda ukibana mno nyama haipiti, mboga haipiti, yai la kuchemsha halipiti. Kinachopita ni aiskrimu, uji wa sukari, biskuti zilizolowekwa chai. Mtu anatapika kila siku na mzani unapanda. Dalili za kubana mno ni kiungulia cha usiku, kikohozi ukilala, na kujikuta unachagua vilaini tu. Hapo unapunguza maji, huongezi. Huongezwa nusu mililita hadi moja kwa mara, na mikanda haifanani, ipo ya jumla ya mililita 4 na ipo ya zaidi ya 10, kwa hiyo kuulizana "wewe una ngapi" hakuna maana. Mwendo mzuri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Na sisi wa mbali tunaokwenda Dar kujaza: usitoke pale kabla hujanywa glasi ya maji ukaiona imeshuka. Kama una pa kulala, lala, panda basi kesho. Uvimbe wakati mwingine unakuja jioni, na basi la Tanga halirudi nyuma kwa ajili ya mate yako.

Zamu ya Usiku:
Samahani naingilia, tui litasubiri. Lililosemwa hapo juu ni kukwama kwa tonge. Kuna jingine, mkanda kuteleza, linaloanza vilevile lakini halina tonge ndani.

Linakwenda hivi. Mtu ana mkanda wa miaka kadhaa, umetulia. Anaanza kukohoa usiku, asubuhi kwenye mto kuna maji yenye chakula cha jana. Anaongeza mto wa pili, hakuna anayeshtuka. Kisha siku moja anatapika sana, kwa samaki aliyechacha au mimba changa, na kule kutapika kunavuta sehemu ya mfuko kutoka chini kupanda juu ya pete. Kimfuko cha vijiko viwili kinakuwa fuko linaloning'inia, limevimba, limejiziba. Sasa maji hayapiti. Mate hayapiti. Maumivu hayaji na kuondoka tena, yamekaa juu ya kitovu na hayatoki. Nyumbani wanasema malaria, wanampa mseto, unarudi. Wanampa diklofenaki, inarudi. Anatundikiwa dripu ya glukosi. Siku ya pili inaisha. Lile fuko limenyongwa na damu haifiki, na likikaa hivyo linaoza. Likishaoza, mkanda umekuwa habari ndogo.

Cha kwanza ni kutoa maji yote ya mkanda. Yote, si nusu. Mara nyingi maumivu yanalegea hapohapo, na yasipolegea ni chumba cha upasuaji bila kungoja kesho. Eksirei ya kawaida inasaidia: mkanda uliokaa sawa unaonekana mshazari, ukielekea bega la kushoto. Ulioteleza umelala bapa au umefunguka duara kama herufi O. Na mtu aliyetapika siku kadhaa apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Ikitangulia glukosi, ubongo unaweza kuumia. Wenye mkanda muwafundishe ndugu zenu sentensi moja: "Ana mkanda, hamezi hata mate, toeni maji."

Shoga wa Makorora:
Ya Rabi. Nimesoma chai ikapoa.

TuiZito:
Lakini tuliambiwa sindano ya kawaida ni marufuku kwenye poti. Ile maalumu utaipata wapi saa nane usiku?

Zamu ya Usiku:
Maalumu inaitwa Huber, ncha yake imepinda, inapenya bila kumega silikoni. Ya kawaida inamega, na poti iliyomegwa inavuja polepole, wiki chache mkanda umelegea bila mtu kujua kwa nini. Kwa kujaza kwa kawaida, marufuku. Kwa dharura ile, sindano nyembamba ya kawaida, geji 21 au nyembamba zaidi, daktari ataitumia. Poti inabadilishwa kwa kisu kidogo. Mfuko wa chakula haubadilishwi.

Mwana Chumbageni:
Mimi hapo sikubali. Ukiandika hivyo kuna fundi atamchoma mkewe sebuleni.

Zamu ya Usiku:
Nimesema daktari. Ngozi isafishwe kama ya upasuaji, poti ishikwe kwa vidole viwili isicheze, sindano iingie wima mpaka igonge chuma cha chini. Sebuleni vijidudu vitaingia, na mkanda wenye usaha unatolewa wote.

KijikoKidogo:
Suluhisho ni kutembea na Huber mbili zako ambazo hazijafunguliwa, na kadi: jina la mkanda, mililita ngapi unabeba, ngapi zimo sasa, tarehe ya kujazwa mwisho. Plastiki moja na kadi ya bima.

Shoga wa Makorora:
Dawa nazo jamani. Hilo la diklofenaki limenikumbusha. Diklofenaki na ibuprofeni ziacheni, zinachubua mfuko, na pete juu ya ukuta uliochubuka inaweza kuula ikaingia ndani. Dalili yake mojawapo ni njaa kurudi ghafla, au poti kuota usaha miaka baadaye. Paracetamol inatosha, ivunjwe. Vidonge vikubwa visivunjwe kabla ya kuuliza, vile vya kuyeyuka polepole vikisagwa dozi ya siku nzima inashuka mara moja. Na wa kisukari warudi kliniki mapema, kipimo cha zamani cha gliben au insulini kwa mtu anayekula kisahani cha kahawa kitamwangusha.

Baiskeli Bovu:
Na nywele?

Shoga wa Makorora:
Zinanyonyoka mwezi wa tatu hadi wa sita hivi, protini ikitosha zinarudi. Vaa mtandio.

Mpishi wa Shughuli:
Ramadhani inakaribia, semeni kuhusu futari.

Mwana Chumbageni:
Aliyefanyiwa juzi asifunge kabla daktari hajamruhusu. Kwa aliyetulia, hatari ni yale matonge ya kwanza baada ya adhana. Anza na maji, tende moja iliyomenywa ngozi ikatafunwa mpaka iishe, swali, ndipo urudi. Uji wa pilipili manga sawa ila sukari ipungue. Magimbi na viazi ponda. Muhogo toa uzi. Kati ya futari na daku ndipo unywe maji yako yote, hakuna muda mwingine.

TuiZito:
Muhogo bila tui?

Mpishi wa Shughuli:
Acheni. Kwenye sinia la shughuli mwenye mkanda akae upande wa watoto. Wanakula polepole na hawamwambii mtu "mbona huli".

Baiskeli Bovu:
Na ukoko?

Mpishi wa Shughuli:
Ukoko mwachieni. Mkavu unavunjika mdomoni, unapita vizuri kuliko wali wenyewe.