Mrejesho: kabureta ya Honda XL185S

Wakuu, asanteni. Niliuliza kama nibadilishe vyote kwenye kabureta (kichanganya petroli na hewa) ya pikipiki ya mzee, maana ilivuja petroli na haikukaa sailensa (kunguruma taratibu bila kuvuta mafuta), au nichague. Nimechagua. Jeti (vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli) za zamani, za kampuni ya Keihin, zimebaki. Nimeziloweka, nikazipuliza upepo, ukitazama juani mwanga unapita duara safi. Zile za kwenye seti ya dukani namba ni ileile, lakini tundu limekaa upande. Hapana! Vipya ni mipira: oringi na gasketi ya bakuli, pamoja na sindano ya floti (boya), ile inayofunga petroli bakuli likijaa, kwani ncha ya zamani ilishachimbika mfereji. Kuvuja kumekwisha, sailensa imetulia, ila asubuhi bado inataka choki (kubana hewa ili iwake). Fungulieni juu ya kitambaa cheupe, oringi nyingine ni punje ya mtama.